Maumivu Ambayo Mtoto Hatayakumbuka



Kati ya familia zetu hapa Bredäng wapo waliokaa wiki nyingi hospitalini kando ya mtoto njiti. Hao wanakijua kipimo kimoja ambacho wazazi hukiogopa: uchunguzi wa macho. Leo tuulizane: maumivu ambayo mtoto hatayakumbuka yanatudai nini?

Kipimo chenyewe ni cha lazima. Mtoto akizaliwa mapema mno, mishipa ya damu ya retina, iliyo nyuma ya jicho, bado haijakomaa. Ikikua vibaya inaweza kuivuta retina na kumpofusha. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, alipoteza kuona kwa njia hiyo. Kwa hiyo daktari hutia matone ya kupanua mboni, huweka kijichuma kinachozuia kope zisifumbe, kisha huangalia ndani kwa mwanga mkali. Ni dakika chache, lakini zinauma, na kipimo hurudiwa mara kadhaa.

Wengine husema, "Hatakumbuka." Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi. Mwaka 1985, huko Marekani, njiti aitwaye Jeffrey Lawson alipasuliwa kifua akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila dawa ya maumivu. Mama yake, Jill, alipogundua hakunyamaza. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache zaidi baadaye.

Hata bila utafiti huo, tumfikirie bibi aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau. Je, tutamsafisha kidonda kwa mkono mzito kwa sababu ifikapo jioni atakuwa amesahau? Hapana. Tunajua anaumia sasa, na deni letu kwake ni la sasa. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

Wapo watakaosema kuona ni bora kuliko dakika chache za kilio. Ni kweli, na ndiyo maana hatukatai kipimo. Lakini faida ya kesho haifuti wajibu wa kupunguza uchungu wa leo. Yapo mambo yanayosaidia: matone ya ganzi, maji ya sukari au maziwa ya mama mdomoni, kumviringisha vizuri katika shuka, mikono na miguu ikiwa imekunjwa. Hayaondoi maumivu yote. Yanayobaki yanahitaji mtu wa kuwa naye.

Hapo ndipo wengi wetu hutoka nje, kwa hofu au kwa kumheshimu daktari. Kuuliza si kumkosea mtu adabu. Tuulize mapema: mtoto atapewa nini, na mzazi anaweza kumshika? Kama Kiswidi kinatushinda, tuombe mkalimani. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Mkataba wa Haki za Mtoto ni sheria hapa Uswidi, na njiti wa kilo moja ni mtoto.

Mithali sura ya 31 inatuagiza tuwasemee wasioweza kujisemea. Mwenye mtoto wodini wiki hii atuambie baada ya ibada, ili mmoja wetu amsindikize.

Mbarikiwe.