Kiasi cha Pumzi

Watrapisti walioanzisha misheni ya Gare, katika milima ya Usambara, mwishoni mwa karne ya 19, waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanuni hiyo inawakataza watawa nyama, ila inamruhusu mgonjwa aliyedhoofika. Nguvu zikimrudia, ruhusa inakoma. Humo naona jibu la swali linalowatesa ndugu wa mtu aliyezibuliwa mshipa wa moyo, tuseme katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam: muuguzi anapomvua barakoa ya oksijeni, amemhurumia au amemtelekeza?

Kwa muda mrefu madaktari waliwapa oksijeni karibu wote wenye mshtuko wa moyo, kwa kuwa moyo uliokosa damu ulionekana kuidai. Mwaka 2017 utafiti wa Uswidi ulipima desturi hiyo kwa watu 6,629 walioshukiwa kuwa na mshtuko, ambao oksijeni ya damu yao ilikuwa asilimia 90 au zaidi. Wengine walipewa lita 6 kwa dakika, saa 6 hadi 12. Wengine walivuta hewa ya chumbani. Baada ya mwaka, waliofariki walikuwa asilimia 5.0 na 5.1. Tena oksijeni ikizidi, mishipa ya moyo hubana. Aliyepasuliwa kifua huenda akaihitaji siku kadhaa, maana mapafu yake huchelewa kukunjuka, lakini naye kipimo chake ni upungufu, si hofu yetu. Huruma inayoendelea baada ya haja kwisha imeacha kumtazama mgonjwa. Inamtuliza anayeitoa, na mtungi unazidi kupungua huku mtoto mwenye nimonia akiuhitaji.

Atakayesema pumzi ni ya Mungu, hivyo haipimwi, asisahau kwamba hewa ya dirishani nayo ni yake. Pingamizi linaloniuma ni jingine: mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni hukosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ni kweli, na kwetu ni jambo zito. Ila linadai tumwangalie mgonjwa zaidi: anavyohema, midomo yake, na damu ya ateri penye shaka. Linadai pia tuulize anarudi wapi. Mji wa Lushoto, jirani na Gare, uko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa kama asilimia 15. Basi kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa wa Gare atembezwe, apandishwe ngazi, kisha apimwe tena akiwa bado anahema.