Mama, jina lako halimo

Hapa Tunduma ukikutana na kaka anayeitwa Simwinga, usishangae dada yake akiitwa Namwinga. Kwa Wanyamwanga, mwanaume huchukua Si- na mwanamke Na-. Ukoo ni mmoja, lakini abjadi haijui undugu: humtupa dada kwenye N na kumwacha kaka kwenye S.

Wapenzi wa kamusi mnaujua mgogoro huu. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939, alimweka mpishi chini ya kitenzi pika, akae na ndugu zake. TUKI mwaka 1981 wakamweka kwenye M, mahali ambapo msomaji atamtafuta. Yupi alitenda haki? Nilidhani ni swali la wanaisimu tu, mpaka liliponiumbua mbele ya watu.

Kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu kina wanachama 30. Daftari lingetosha kabisa, lakini mimi, msomi wa mtaa, nikajitolea kuwaandikia programu. Nilitumia maktaba ndogo ya kanzidata ambayo kila taarifa hukaa chini ya ufunguo wake, na ufunguo wetu ulikuwa jina la ukoo. Maktaba za namna hii hukuruhusu kuweka kanuni yako mwenyewe ya nani atangulie. Katibu alikuwa ameshaingiza majina yote kwa abjadi. Usiku mmoja nikabadilisha kanuni: Si- na Na- zisihesabiwe, ili ndugu wakae pamoja. Sikumwambia mtu. Yaani nilijiona nimetenda jambo jema.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja muuza mchele, Namwinga. Amefiwa, anahitaji fedha za mfuko wa jamii. Nikaandika jina. Kompyuta ikajibu: hayupo.

"Mama, jina lako halimo."

Akatoa kitabu chake cha hisa, mihuri imejaa kurasa nzima. "Mwanangu," akasema taratibu, "mimi si nipo hapa?"

Kweli alikuwepo. Ila kompyuta haisomi majina yote. Hufungua katikati, huuliza kama unayemtaka yuko mbele au nyuma, kisha hutupa nusu. Kwa majina 30, hatua 5 zinatosha. Ilipomfikia Simbeye, kanuni yangu mpya ilimsoma kama Mbeye, ikaona Mwinga lazima awe mbele zaidi, ikatupa nusu ya nyuma. Namwinga alikuwa humohumo kwenye nusu iliyotupwa. Hakuna aliyemfuta. Alipotezwa na mpangilio.

Mama alilipwa siku mbili baadaye, baada ya mazishi.

Tangu hapo najiuliza: kosa langu lilikuwa nini hasa? Wazo lenyewe halikuwa baya. Abjadi nayo si malaika. Wenye A hutangulia kila foleni bila jasho. Kila mpangilio una anayependelewa. Kwa hiyo kusema "tubaki na uliozoeleka" ni uvivu tu uliovalishwa joho la haki.

Nadhani kosa lilikuwa hili: mpangilio ni ahadi kati ya anayeweka na atakayetafuta. Katibu aliweka kwa ahadi moja, mimi nikatafuta kwa nyingine. LevelDB, kanzidata iliyotolewa na Google mwaka 2011, hulitambua jambo hili: huhifadhi jina la kanuni iliyotumika, na ukija na kanuni yenye jina jingine hukataa kufunguka. Inaudhi, lakini inakataa waziwazi. Yangu ilifunguka vizuri, kisha ikasema uongo kwa sauti ya ukweli. Nami nikaurudia uongo huo kwa mfiwa, bila hata kutazama kitabu alichokishika mkononi.

Cha ajabu, jibu lilikuwa mezani siku zote. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanawake watatu tofauti. Hata mwenye nia safi kiasi gani hafungui peke yake. Hela tulizilinda hivyo. Majina tukamwachia mtu mmoja na usiku wake.

Kubadilisha inaruhusiwa, jamani. Ila hubadilishi kanuni ukaacha vitu vilivyopangwa kwa ile ya zamani. Unavitoa vyote na kuvipanga upya, wenyewe wakiona.

Ndivyo tulivyofanya kwenye kikao kilichofuata. Nikawaeleza njia zote mbili, ya abjadi na ya ukoo. Wakazikataa zote! Wakachagua namba ya uanachama, aliyeanza kuchangia atangulie. Nikaenda kuandika, nikakuta kompyuta inazisoma namba kama maneno: 10 inakaa kabla ya 2. Ikabidi nitunge tena kanuni yangu mwenyewe.

Safari hii nilimpigia katibu simu kwanza.