Deni la Mgeni wa Usiku Mmoja

Katika maneno ya zamani ya Kiswahili liko neno ago. Ago ni mahali ambapo wasafiri hutua mizigo, huwasha moto, hulala, na asubuhi huondoka. Wavuvi wa pwani wana dago lao, na misafara ya bara ilikuwa na maago yake kando ya mito na visima. Juu ya mahali hapo wahenga waliweka sheria fupi: ago halinyewi, huenda ukauya papo. Kuuya ni kurejea. Sheria hii ni njema, lakini sababu yake yataka kupimwa. Msafiri hukatazwa kuchafua kambi kwa kuwa huenda akailalia tena yeye mwenyewe. Je, yule asiyetazamia kurejea amesamehewa?

Zamani swali hili halikuwa zito. Njia zilikuwa chache, miguu ilikuwa mizito, na aendaye kwa kawaida ndiye aliyerudi. Siku hizi mtu huweza kunywa kahawa ya asubuhi Kituntu, katika vilima vya Karagwe vyenye migomba na mibuni, na baada ya siku mbili tatu akalala mkoa mwingine msituni, penye maporomoko ya maji, na maisha yake yote asirejee hata pamoja. Gari lake limebeba hema, godoro, jiko la gesi, taa na pipa la maji. Hagongi mlango wa mtu kuomba pa kulala, wala haombi moto wala chumvi. Kwa kuwa hamhitaji mwenyeji, hudhani hana mwenyeji. Na kwa kuwa hana mwenyeji, hudhani si mgeni. Hapo ndipo kosa lake linapoanzia.

Karagwe ina habari yake katika jambo hili. Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika. Nao walikuwa watu wa mahema, wenye wapagazi na bunduki. Katika nchi walizozipita walikuwa wametozwa hongo mara kwa mara. Katika Karagwe, kama Speke alivyoeleza katika kitabu chake cha 1863, mgeni hakutozwa ushuru, na wakuu wa vijiji waliamriwa kumpa chakula kwa gharama ya mfalme. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa umeharibika kwa kidonda, alibaki kwa Rumanyika mpaka Aprili. Hapana haja ya kumfanya mfalme huyo malaika. Alipokea zawadi, tena alikuwa na ndugu aliyegombea naye ufalme, akatumaini msaada wa wageni juu yake. Lakini jambo moja li wazi: hema halikumwondolea mgeni ugeni wake. Aliyelala chini ya turubai lake mwenyewe alikuwa mgeni wa mfalme sawasawa na yule aliyelala nyumbani mwa mfalme, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya turubai, maji ya mtungini na amani ya usiku havikuletwa na wapagazi.

Jina la Rumanyika sasa li juu ya hifadhi ya taifa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya nchi hiyo yalipandishwa cheo, zikapatikana Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Kwa sheria ya hifadhi za taifa za Tanzania, mwanakijiji hana ruhusa ya kujenga maskani wala kuchunga ng'ombe ndani yake. Mgeni huingia, na panapo kambi hulala, kwa kulipa ada. Ada hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya mlala hemani. Husema: nimelipa, sidaiwi. Hoja hii ina nusu ya kweli. Alipaye ada si mwizi, na fedha yake husaidia kumlipa askari alindaye msitu. Lakini alipaye nauli hakununua chombo, wala hakuwalipa waliokiunda. Ada ni bei ya ruhusa. Bei ya mahali penyewe ni nyingine, na aghalabu imelipwa na watu wengine.

Watu hao wanajulikana. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, maji ya Sanje huporomoka kiasi cha mita 170 katikati ya msitu. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya chini ya mlima waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu haikuwa ya upuuzi: msitu ukichakaa mito hukauka, na bonde la Kilombero, lenye mpunga na miwa, hunywa maji ya milima hiyo. Basi mwanamke alinyimwa kuni ili msitu ubaki msitu na mto ubaki mto. Mgeni alalaye katika nchi kama hiyo husikiliza maji usiku na kuyasifu maumbile. Anachokisifu ni maumbile, naam. Lakini kadhalika ni kuni zisizookotwa, na ni mwendo mrefu wa mtu aliyekwenda kutafuta kuni kwingine. Sehemu ya usingizi wake imelipiwa na asiyemjua, naye mlipaji huyo hakupewa stakabadhi. Mgeni akikusanya matawi ya msitu huo apate moto wa kuota na kuzungumzia, hatendi jambo dogo. Hutumia kwa starehe kile ambacho jirani amekatazwa kwa chakula cha watoto.

Hoja ya pili ni kwamba usiku mmoja hauwezi kudhuru. Kwa hoja hii korongo la mto Kihansi, kusini mwa milima hiyo hiyo, lina jibu. Huko mwaka 1996 wataalamu walimwona chura mdogo ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalikuwa yamegeuzwa kuendesha mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa kufidia upungufu huo. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwa vyura, wakaangamia. Na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Wenzao waliokuwa wakilelewa Marekani ndio walioanza kurudishwa mwaka 2012. Taifa lilihitaji umeme, na kuuhitaji si dhambi. Funzo kwa mlala hemani ni kwamba kuvu la namna hiyo huweza kuchukuliwa na tope la kiatu kutoka bonde moja hadi jingine. Madhara hayapimwi kwa urefu wa kukaa. Mtu mwema, mwenye sauti ya upole na nia safi, huweza kuleta mauti kwa soli za viatu vyake na kuondoka alfajiri akitoa shukrani.

Je, heri basi abaki kwao? La. Mtu wa mjini asiyepata kuona mto unakotoka hufungua bomba kama kwamba maji huzaliwa ukutani. Usiku mmoja karibu na maporomoko humfundisha udogo wake kuliko mawaidha mengi, na ni vigumu kumtaka mtu atetee asichopata kukiona. Safari si dhambi. Dhambi ni kudhani kwamba safari haina mwenyeji.

Imebaki kuitafutia sheria ya wahenga sababu isiyotegemea kurejea. Huko Kalambo, penye maporomoko makuu mpakani mwa Tanzania na Zambia, wataalamu walieleza mwaka 2023 habari za magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mikono miaka 476,000 iliyopita au zaidi, na jamaa wa binadamu waliotutangulia sisi. Hapana msafiri awezaye kusema kwamba yeye ndiye wa kwanza kukaa kando ya maji. Kila ago amelikuta, na kama amelikuta safi, usafi huo ni mkopo aliopewa na waliotangulia. Wao hawawezi kulipwa, wamekwenda. Deni la namna hii hulipwa mbele, kwa ajaye na kwa akaaye chini ya mto. Hivyo asiyetazamia kurejea hakusamehewa. Yeye hasa ndiye mdaiwa, kwa kuwa hatakuwapo kusahihisha alichokosea.

Malipo yenyewe si makubwa. Ni kupita kijijini kwanza, kuamkia wazee na kueleza nia. Kununua ndizi na maharagwe ya wenyeji badala ya kuwapita na makopo. Kupika kwa moto aliokuja nao. Kusugua viatu kabla ya kuingia bonde jipya. Kutopeleka sabuni mtoni, maana chini kuna watoto wenye ndoo. Haya hata mtoto huyaweza. Moja ni gumu zaidi, nalo hulipwa baada ya hema kukunjwa. Siku atakaposikia mjini wakilaumiwa watu wa pembezoni mwa misitu kuwa ni waharibifu wasiojua thamani ya miti, yeye aliyelala penye maji hayo asinyamaze. Aseme ni nani aliyekosa kuni ili maji yale yaendelee kuanguka.