Kunywa Kwanza, Hesabu Baadaye

Somo: Yohana 21:1–17

Wanafunzi saba walikesha kwenye bahari ya Tiberia na hawakupata kitu. Anayeijua kazi ya usiku anazijua asubuhi za namna hiyo: mwili umechoka, mkono mtupu, na nyumbani wanakusubiri. Yesu anasimama ufukweni, nao hawamtambui. Anawauliza kama wana kitoweo, hawana. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume wa chombo, na wavu unajaa samaki wakubwa 153. Wengi wetu tukiisoma sura hii tunabaki na hao samaki. Leo naomba tuteremke hadi nchi kavu, tutazame jiko.

Waliposhuka walikuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Kumbe aliyewauliza kitoweo alikuwa nacho tayari! Yeye aliyeyashinda mauti alikoka moto alfajiri, akaandaa kifungua kinywa, akawaita waje wale.

Miongoni mwa walioitwa yumo Petro, naye ana deni. Usiku wa kukamatwa kwa Yesu kulikuwa na baridi. Watumishi walikoka moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na Petro akasimama nao akiota moto (Yohana 18:18). Pale alimkana Bwana wake. Sasa yuko tena mbele ya makaa, na yule aliyemkana ndiye anayempa mkate. Ningekuwa Petro, tonge lisingeshuka kabla sijajua nitaulizwa nini. Lakini tazama Yohana alivyoyapanga: ni katika mstari wa 15, walipokwisha kula, ndipo Yesu anapomgeukia Simoni. Chakula kwanza, swali baadaye.

Utaratibu huo niliuona kazini kabla sijaanza kuuhubiri. Kabla ya kurudi hapa Mvumi niliuza kahawa mjini Dodoma. Kahawa si zao letu. Nchi yetu ya msimu mmoja wa mvua ni ya uwele, mtama na zabibu. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Mwislamu kutoka pwani. Alinifundisha kukaanga buni bila kuiunguza, kuitwanga, kuichemsha na tangawizi, na kuliweka birika juu ya jiko lake dogo la mkaa ili kikombe cha mwisho kiwe cha moto kama cha kwanza. Nayapenda bado maisha yale: mlio wa vikombe vikigonganishwa kiganjani kuita wateja, bao likichezwa pembeni, ubishi wa Simba na Yanga usioisha.

Nilichokipenda zaidi ni namna ya kulipa. Kijiweni hakuna anayetangulia kutoa hela. Mtu anafika, anasalimia, anaketi kwenye benchi. Unamsuuzia kikombe, unammiminia. Akinyoosha mkono, unamwongeza. Anapoinuka kuondoka ndipo anajihesabia mwenyewe: "Vitatu na kashata moja." Unapokea kwa neno lake.

Wapo waliokunywa vinne wakasema vitatu. Mzee aliwajua kuliko mimi, na nilipomnong'oneza alijibu tu, "Mwache, kesho aje." Alijua kwamba anayeogopa hesabu hupita njia nyingine, na asiyefika kijiweni huwezi kumdai wala kumfaa.

Kulikuwa na mlinzi mmoja aliyetoka lindo alfajiri. Miezi ya Juni na Julai upepo wa Dodoma hupenya hata koti zito, naye alikuja amejikunyata, rungu kwapani. Asubuhi moja alisimama mbali na benchi. Mshahara ulikuwa umechelewa, na tulielewa bila kuambiwa. Mzee hakumwuliza neno. Alimfuata alipo, akamtia kikombe mkononi na kashata juu yake. Mpaka kikombe cha pili ndipo mlinzi akafungua kinywa: mtoto ni mgonjwa, nauli ya kumfikisha hospitali hakuna. Waliokuwa wakibishana wakaacha ubishi, wakachanga palepale. Angedaiwa kwanza, angepita na koti lake, na habari za mtoto tusingezisikia.

Sidhani kwamba Yesu alilifuta swali. Alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda, sawasawa na mara alizomkana, na mara ya tatu Petro alihuzunika. Wema wa Kristo si kufumba macho. Lakini Petro aliulizwa akiwa ameshiba, ameketi karibu na moto, yeye aliyejitupa majini kwa shauku ya kumwona Bwana. Na swali lenyewe halikuwa kwa nini alimkana. Lilikuwa swali la upendo, na kila jibu lilifuatwa na kazi ya kulisha na kuchunga kondoo. Aliyelishwa ndiye anayetumwa kulisha.

Sisi wa Ugogo tusisomewe habari hii kama ya ugenini. Nchi hii imeijua njaa. Ile iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake, ilibaki katika simulizi za wazee. Watu waliopita huko wanajua uzito wa kuitwa kula. Wengi wetu tumelelewa kumpa mgeni kigoda na maji kabla ya kumwuliza kilichomleta.

Basi tujiulize kuhusu kanisa. Muumini aliyeadimika miezi kadhaa akionekana Jumapili, neno la kwanza analosikia ni lipi? Mara nyingi ni "Ulipotelea wapi?", au anakumbushwa ahadi ya ujenzi ambayo hajaimaliza. Maswali hayo yana haki yake, ila tumeyatanguliza. Ni vivyo hivyo nyumbani: kijana amerudi kutoka Dar es Salaam mikono mitupu, binti amerudi na mimba, nasi tunawahoji wakiwa bado wamesimama mlangoni, begi liko begani.

Na tuitazame hospitali yetu ya Mvumi. Wagonjwa huletwa hapa kutoka vijijini na ndugu wa kuwauguza, na anayeuguza hujisahau: anahangaika na uji wa mgonjwa, yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni. Kumpelekea chupa ya chai na maandazi hakuhitaji kamati wala barua ya mchungaji. Wala usianze kwa kumwuliza anasali wapi. Mkishakunywa, akitaka kujua kwa nini umekuja, mwambie.

Kwa wiki hii, mfikirie mtu mmoja anayekukwepa kwa sababu ana deni kwako, liwe la fedha, la neno baya au la ahadi iliyovunjika. Mkaribishe ale. Siku hiyo deni usilitaje. Kama lazima litajwe, litajwe siku nyingine, na atakayelisikia awe mtu aliyekwisha kula kwako.

Tuombe: Bwana Yesu, ulimkaribisha Petro ukijua yote aliyosema usiku ule. Hata sisi umetulisha kabla hatujawa na jibu la kukupa. Utusamehe tulipowahesabia wenzetu wakiwa na njaa. Uwabariki wauza kahawa, mama lishe na wote wanaoamka usiku kuwasha moto kwa ajili ya wengine. Uwakumbuke wanaouguza katika hospitali yetu. Na siku utakapotuuliza kama tunakupenda, utukute tukiwalisha kondoo wako. Amina.