Ndizi Kabla ya Kazi

Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa huonekana ziwani nje ya mwalo wa Kibirizi, nasi wa Gungu hulala tukijua kwamba alfajiri watarudi. Mzee mmoja jirani yangu, aliyezeeka kwenye mtumbwi, nilimuuliza aliijuaje njia. Akasema mwaka wa kwanza hakushika nyavu; alikaa nyuma akichota maji na kutazama milima.

Nilimkumbuka niliposoma habari za panya wa Richard Morris, mtaalamu ambaye mwaka 1981 alieleza jaribio lake la birika. Panya hutiwa katika maji yenye ukungu, asikione kijukwaa kilichozama kidogo chini. Huogelea ovyo mpaka akikanyage. Siku zinavyopita, kwa kuzisoma alama za chumba, huenda moja kwa moja. Ndani ya ubongo, dopamini husaidia kuikazia njia iliyozaa matunda. Dawa ya kusisimua iitwayo amfetamini, na kathinoni iliyomo katika mirungi, huimwaga dopamini hiyo hata kama hakuna kilichofikiwa. Wala si sumu tupu: Mark Packard na wenzake waliona kwamba amfetamini ikidungwa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, mara tu baada ya somo, panya hukumbuka mahali vizuri zaidi. Dozi ikizidi, mnyama huhangaika na kurudiarudia kitendo kilekile. Kasi anayo, pa kwenda hana.

Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, wakufunzi wa shirika la APOPO huwafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi, lakini ni baada ya kuipata harufu. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa huko, alifichua jumla ya mabomu 71 ya ardhini nchini Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu. Ustadi ule ulijengwa kwa vipande vya ndizi vilivyongoja zamu yao.

Sheria yetu inakataza mirungi, na bado wapo wanaoitafuna ili wakeshe kwenye usukani. Ni rahisi kuwaita wavivu wa subira. Lakini ni nani aliyewapangia safari isiyo na usingizi? Na sisi tunaotaka mzigo ufike kesho asubuhi, tumo upande gani wa birika?

Mzee hakunijibu hayo. Aliniuliza tu kama mwezi umeshatoka.