Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: "Mwanangu" au "mtoto wa marehemu kaka yangu"?

Leo swali ambalo jirani zetu wa Nyarugusu na Nduta wanalijua kuliko sisi.

Mtu kamlea mtoto wa marehemu kaka yake tangu ananyonya. Anafika mbele ya ofisa, anaulizwa: huyu ni nani wako? Anajibu: mwanangu. Je, kasema uongo? Na kama amefunga?

Mwaka 2008 Marekani walianza kupima vinasaba, yaani DNA, kule Nairobi, kwa wakimbizi walioomba kuwafuata jamaa zao. Walianza na watu kama 500, wengi Wasomali na Waethiopia. Kipimo ni chepesi: pamba inapitishwa ndani ya shavu (na kwa mtakaouliza, hilo haliharibu saumu maadamu hujameza kitu). Kila mtu kapata nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, basi maabara inalinganisha sehemu maalumu kuona kama zinaoana. Familia ambazo kila uhusiano uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Kwingine alikutwa asiye wa damu, au walikataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa, na ulipofunguliwa tena 2012 kipimo kikawa sharti.

Tuseme kweli, wadanganyifu walikuwemo. Nafasi ya safari ni mali, na mali huuzwa. Lakini siamini wote walikuwa waongo. Huku kwetu mtoto wa kaka anakuita baba mdogo, na vita ikishamchukua baba mzazi, hilo neno "mdogo" linadondoka lenyewe. Mashine iliulizwa nani kamzaa. Nani kamlea haikuulizwa.

Na dini je? Zayd bin Haritha aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka Surat al-Ahzab, aya ya 5, ikaamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Wapo wanaoisoma kana kwamba inamnyang'anya yatima mzazi. Hapana. Inamrudishia baba yake aliyekufa, jina lake lisifutike. Malezi yanabaki palepale, na Mtume (s.a.w.) alionyesha kwa vidole viwili ukaribu wake na mlezi wa yatima huko Peponi.

Basi nyumbani mwite mwanangu, kwa mapenzi, hakuna dhambi. Kwenye fomu andika mtoto wa marehemu kaka yangu. Sisemi ni rahisi. Ukweli huo unaweza kumwacha mtoto kambini. Ndiyo maana ofisa naye ana amana: asimhesabu mtu mwongo kabla hajamuuliza ana maana gani.

Jingine linatugusa hata sisi tusio wakimbizi. Mtoto wa kulea hana fungu la mwana katika mirathi yako. Upo wasia, usiozidi theluthi ya mali. Tunaahirisha, tunakufa, ndugu wanamtoa nyumbani na kibegi chake. Uandike mwezi huu huu, mbele ya mashahidi wawili.