Mfumi na mwandishi wa programu

Kazi iliyo jirani zaidi na uandishi wa programu za kompyuta ni ufumaji wa nguo. Mwaka 1804, mjini Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alikamilisha kitanda cha mfumi kilichoongozwa na kadi zenye matundu: penye tundu, uzi wa mtande uliinuliwa; pasipo tundu, ulibaki chini. Nakshi nzima, hata ya maua magumu, ilikuwa tayari kwenye kadi kabla ya uzi wa kwanza kupita. Charles Babbage aliazima kadi hizo kwa mashine ya hesabu aliyoibuni, na mwaka 1843 Ada Lovelace akaandika hatua za kuiendesha. Kazi hizi mbili hufanana hata katika makosa. Fundi mwashi akiweka tofali kombo, kosa huonekana papo hapo. Mfumi na mwandishi wa programu hulikuta kosa lao baadaye, limekwisha kujirudia.